Vidole vinauma, sindano zinapinda: kushona mfarishi kwenye ringi bila kuteseka

"Asalaam alaykum bibi. Mie niko Wete, Pemba, kofia nashona tangu mdogo, sasa nataka kumshonea mdogo wangu mfarishi wa kanga, lile tandiko la vitambaa vitatu vilivyoshonwa pamoja, mana anatarajia kujifungua. Dada alininunulia ringi ya mbao ya kuwambia kitambaa, Darajani. Juu nimeweka kanga mpya, kati blanketi jembamba, chini shuka ya kitanda. Nimeikaza ringi mpaka kitambaa kimenyooka vizuri lakini sindano haipiti, nyingi zimepinda na moja imevunjika, kidole cha chini kimejaa matundu, mishono ya juu inaonekana lakini chini inaruka au haipo kabisa. Subana, ile kofia ya chuma ya kidole, nimejaribu imenishinda, naona inanizuia. Na siku hizi usiku naamka mkono umekufa ganzi. Watu wananambia nipeleke kwenye cherehani tu nipumzike. Niendelee, ninunue fremu kubwa, au ndo mkono wangu hauiwezi kazi hii?"

Waalaykum salaam mwanangu, na hongera kwa mdogo wako, Mungu amjaalie ajifungue salama. Nianze na hilo la mwisho mana naona ndo linalokuumiza zaidi: mkono wako unaweza. Mtu anayekaa na kofia ya viua miezi na miezi, tundu moja moja, na hesabu haimpotei, hawezi kushindwa na mfarishi, mana mshono wenyewe wa mfarishi ni bandi tu, juu chini juu chini, hakuna kingine. Ila umechukua mazoea ya kofia ukayahamishia kwenye kazi ya vitambaa vitatu, hapo ndo sindano ikagoma, kidole kikagoma, na mkono nao usiku umeanza kulalamika. Hiyo ganzi ntaizungumzia peke yake huko chini, na tafadhali usiiruke.

Kwanza hiyo ringi. Umekiwamba kitambaa kama ngoma, na sikulaumu, mana kila aliyewahi kudarizi kafundishwa hivo hivo, kitambaa kikaze kisicheze. Kwenye darizi ni sawa kabisa, unachoma juu sindano inatoka chini, unaivuta, unachoma tena kutoka chini, kitambaa ni kimoja na sindano inakwenda wima tu. Mfarishi si hivo. Kwenye mfarishi sindano moja inatakiwa ichukue mishono mitatu minne kabla hujaivuta, na ili ifanye hivo lazima isimame ishuke, afu ilale ipande, afu isimame tena, na yote hayo ndani ya kanga ya juu, pamba ya kati na bitana ya chini. Sasa kitambaa kikiwa kimekazwa hakipindi, na mmoja lazima apinde, kwaiyo inapinda sindano. Ndo mana umezimaliza. Kitambaa kikilegea kidogo chenyewe kinapanda na kushuka kuifuata sindano, na wewe huna haja ya kutumia nguvu hata chembe.

Fanya hivi. Weka ringi ya ndani juu ya meza, tandaza kazi yako juu yake, tia ringi ya nje na ukaze skurubu kiasi cha kushika tu. Afu bonyeza katikati kwa kiganja mpaka kishuke kama sentimita 2 au 3, ndo umalizie kukaza. Ukipitisha mkono kwa chini, ncha ya kidole iweze kukinyanyua kitambaa kitokeze kituta kidogo kwa juu. Kituta kikitoka, ulegevu umetosha. Kisipotoka, legeza tena. Watu wengi wakiona kitambaa kimebonyea wanahisi wamekosea, wanarudi kukaza, hapo ndo safari ya kuumia inapoanza upya. Na makunyanzi unayoyaogopa hayazuiwi na ringi, yanazuiwa na bandi za kushikiza, zile ndefu ndefu unazozipiga kabla hujaanza na ukimaliza unazifumua. Zipige kuanzia katikati kwenda nje, kwa urefu na kwa upana, mstari na mstari kiasi cha sentimita 10 mpaka 15, na kushona nako anzia katikati. Ukianza pembeni kitambaa cha ziada kinasukumwa katikati kinajikusanya, na hapo hata ukae juu yake hakilali.

Na kama hiyo ringi ni ile nyembamba ya kudarizia, itakufyatukia kila mara mana haikutengenezwa kubeba vitambaa vitatu. Ya mfarishi ina mbao nene na pana, na ukubwa unaofaa ni kiasi cha sentimita 35. Ikizidi 45 mkono wa chini haufiki katikati bila kuinamisha bega, na bega likiinama shingo nayo inafuata. Kama unayo hiyo hiyo tu, zungushia ringi ya ndani utepe wa bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, itashika vizuri bila kuikaza sana. Kila ukimaliza kazi ya siku itoe ringi, usiiache kwenye kitambaa wiki nzima, mana kwa unyevunyevu wetu huu wa pwani inaacha duara ambalo kulitoa ni shida.

Sasa vitambaa vyenyewe, na hapa ntakwambia ukweli ingawa hautaupenda. Shuka ya kitanda ina nyuzi zilizobanana mno, sindano inasukumana nazo moja moja. Blanketi ndo baya zaidi, linashika sindano na uzi kwa pamoja. Hata fundi wa miaka mingi ukimpa shuka na blanketi atakurudishia. Kama hujafika mbali badilisha: chini weka kanga ya pili, si unanunua doti kwa vyovyote, au bafta laini, na kati weka pamba ya poliesta nyembamba, ile inayokuja imetandikwa kama karatasi, si ile ya kujazia mito. Sufi ni nzuri kwa mto lakini kwenye mfarishi inahamahama na kufanya mabonge, labda ushone mistari iliyokaribiana sana. Kanga mpya ifue kwanza, mana ina wanga, na sindano inauhisi wanga huo, na pia itakuwa imeshasinyaa na kuchuja rangi kabla, hasa nyekundu, mana mfarishi ukimaliza afu rangi ikatambaa kwenye nyeupe utalia. Na kwa kuwa ni wa mtoto mchanga, pamba nyembamba ndo inayofaa kwa vyovyote: watoto wa chini ya mwaka 1 madaktari hawashauri walale wamefunikwa kitu kizito kilicholegea, kwaiyo mshonee wa kutandikiwa juu ya mkeka mchana mama yake akiwa karibu anamuona, wa kujifunika atakuja kujifunika akikua.

Haya, mikono. Kwenye kofia unaibana sindano kwa gumba na kidole cha shahada, unaichoma, unaivuta. Kazi yote iko kwenye kubana. Ukifanya hivo kwenye mfarishi unabana maelfu ya mara, na kila mara unabana kwa nguvu zaidi mana vitambaa ni vitatu. Kwenye mfarishi sindano haibanwi, inasukumwa, na kinachoisukuma ni subana kwenye kidole cha kati, kwaiyo ukiniambia subana inakuzuia nakuelewa, mana ukiendelea kubana lazima ikuzuie, haina kazi hapo.

Jaribu hivi bila uzi kwanza, kwenye kipande cha majaribio. Simamisha sindano wima kabisa, ncha chini, kichwa chake kikae ndani ya kitundu kimojawapo cha subana. Ukishaichomeka, achia gumba na shahada. Ndio, achia, haianguki, imeshikwa na kitambaa chini na subana juu. Kidole cha mkono wa chini kinasubiri pale pale. Ncha ikikigusa tu, nasema ikikigusa, si ikikichoma, hapo hapo laza kichwa cha sindano kwa subana karibu kilale juu ya kitambaa, kidole cha chini kisukume kituta juu, na gumba la juu likandamize kitambaa mbele kidogo ya pale ncha inapotaka kutokea. Ncha inachungulia. Ukishaiona kiasi cha urefu wa mshono unaoutaka, basi, usiendelee kusukuma, inua tena kichwa cha sindano kisimame wima, ncha inazama, unarudia. Mara tatu au nne, afu isukume sindano yote ipite na uvute uzi. Mwanzo utahisi una mikono ya mtu mwengine. Zoea kwanza huo mwendo wa kuinua na kulaza, na utokee kwenye kifundo cha mkono na mkono wenyewe, vidole vimelegea. Siku za mwanzo mshono mmoja mmoja kwenye sindano unatosha, minne itakuja yenyewe.

Hapo kwenye kusimama wima ndo jibu la mishono yako ya chini. Sindano ikiingia imelala kidogo inasafiri ndani ya blanketi, inagusa bitana kidogo sana au haigusi kabisa, afu inarudi juu, kwa juu unaona mshono mzuri kumbe chini hakuna kitu. Ikiingia wima mshono wa chini unakuwa sawa na wa juu. Geuza kazi uangalie kila baada ya sindano chache, usisubiri ufike mwisho wa mstari.

Subana ipate ya saizi yako. Ukiutikisa mkono isianguke, na ukiivua isiache alama nzito kwenye kidole. Joto letu hili vidole vinavimba mchana, inayokaa vizuri alfajiri, ikifika saa sita ya mchana inakubana, ndo mana wengine wanakuwa nazo mbili. Iwe na vitundu virefu kidogo ili kichwa cha sindano kisiteleze. Ukiona chuma huwezi kabisa, kata kipande cha ngozi ya mkoba mkongwe ukishone kama kofia ya kidole, inafanya kazi. Afu uivae tu ndani ya nyumba, ukichagua mchele, ukizungumza na simu, mpaka kidole kisahau kama kimevaa kitu.

Sindano yenyewe iwe fupi na nyembamba ya mfarishi, si ndefu ya kudarizia, mana ndefu ndo inayopinda haraka. Namba zake zinakwenda kinyume, namba ikipanda sindano inapungua, kwaiyo wewe anza na 8 au 9, hizo 10 na 12 waachie waliozoea. Mikono ikitoa jasho sindano inanata, ipangusie kwa kitambaa kikavu na usiiache kwenye kazi usiku mana kutu ya huku haichelewi. Uzi wa pamba, usizidi dhiraa moja, kiasi cha sentimita 45, ukiuburura mrefu unachakaa na kujisokota njiani, na ukiupitisha kwenye nta ya nyuki unateleza vizuri. Fundo dogo tu, ulivute kidogo lipenye kitambaa cha juu lizame kwenye pamba, lisibaki nje wala kwa chini.

Kidole cha chini kitaumia kidogo mwanzo, hilo siwezi kukudanganya, lakini matundu matundu hapana. Matundu yanakuja mtu akisubiri achomwe ndo ajue sindano imefika. Tumia ubavu wa ncha ya kidole, au pembeni mwa kucha, na unaweza kuweka plasta nyembamba au kupaka rangi ya kucha isiyo na rangi tabaka mbili tatu. Sugu itatoka na utaishukuru. Damu ikidondokea kanga, maji ya baridi papo hapo, ya moto yanaigandisha.

Na usijitese na udogo wa mishono. Naijua tabia ya watu wa kofia, mmezoea kazi ya vitundu vidogo vidogo, mnaona mshono mkubwa ni aibu. Waliobobea kwenye mfarishi wanafikisha mishono 8 mpaka 10 kwa inchi ukihesabu ya juu tu, anayeanza akipata 5 yuko vizuri sana, na wote watakwambia kwanza ilingane, udogo baadae. Kuna kina mama wa Gee's Bend, kule Alabama Marekani, mifarishi yao ya nguo kuukuu ina mishono mikubwa unaiona ukiwa mbali, na mwaka 2002 ikatundikwa makumbusho ya sanaa Houston na kisha New York, watu wakapanga foleni kuitazama. Hakuna aliyewauliza mishono mingapi kwa inchi.

Sasa hilo la fremu au cherehani. Fremu kubwa ni raha, mikono yote miwili iko huru na kazi imejishika yenyewe, tena kina mama wanne wanaweza kukaa pembeni mkashona huku mnapiga soga, na seremala yoyote anaweza kukutengenezea, mbao nne na vibano vya kushikia kwenye pembe. Lakini inakula sebule nzima na huwezi kuigeuza, ikifika mstari unaokwenda upande usioupenda lazima uushone hivo hivo, na ukiikaza sana maumivu yatakuwa yale yale. Kwa mfarishi mmoja wa mtoto sioni haja, pesa hiyo nunua sindano nzuri na subana mbili.

Kuna njia ya tatu watu wanaisahau, kushona bila ringi kabisa, kazi mapajani. Wasidi wa Karnataka kule India, ambao wazee wao walitoka huku huku Afrika, wanashona mifarishi yao inaitwa kawandi namna hiyo, wanaanzia pembeni wanazunguka kuelekea katikati, wanabandika viraka na kukunja kingo huku wanashona, hakuna ringi hakuna fremu. Kinyume kabisa na nilivyokwambia juu ya kuanzia katikati, lakini kwao inafaa mana viraka vya juu wanaviongeza kidogo kidogo, hakuna kitambaa cha ziada cha kusukumwa. Kwa mtu wa kofia kama wewe, aliyezoea kushika kazi mkononi, huenda hii ikakukaa haraka kuliko ringi. Ijaribu kwenye kitu kidogo, foronya ya mto kwa mfano.

Cherehani haina ubaya wowote, na wanaokushauri hawana nia mbaya, itakumalizia mfarishi siku moja na utadumu. Lakini mfarishi wa cherehani unakakamaa kidogo pale kwenye mistari, wa mkono unabaki laini unalala mwilini. Kama tarehe ya mdogo wako imeshakaribia, piga mistari michache kwa cherehani afu ua moja la katikati ulishone kwa mkono, nani atakukataza. Au shona kwa mishono mikubwa, uzi mnene wa kudarizia namba 8 na sindano yenye tundu kubwa, inakwenda haraka na vidole havichoki.

Haya tuje kwenye ganzi. Kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono ndani ya njia nyembamba sana, pamoja na kano za vidole. Ukibana sana na ukikunja kifundo kwa muda mrefu vilivyomo ndani ya njia ile vinavimba na mshipa unabanwa, na usiku tukilala wengi tunakunja mikono, ndo mana unaamka imekufa ganzi. Angalia ganzi iko wapi. Ikiwa gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete, basi ni mshipa huo. Ikiwa kidole kidogo, mara nyingi ni kiwiko, unakiegemeza kwenye meza au sakafuni. Acha kushona kabisa wiki moja mbili, kofia pia, usiniambie kofia si kazi. Usiku zungushia kifundo kitambaa au kifaa cha kukishika kiwe kimenyooka, bila kukaza. Ukirudi, kaa kwenye kiti, si miguu umenyoosha mkekani na mgongo umepinda, egemeza ukingo wa ringi kwenye meza na ukingo mwengine mapajani, taa au dirisha liwe upande wa kushoto kama unashona kwa kulia, na kila dakika 20 au 25 inuka, nyoosha vidole, kateleke chai.

Wiki mbili zikipita ganzi haijapungua, au ikianza kuja na mchana, au vitu vinakuponyoka, au ukiona ile nyama ya chini ya gumba inapungua ukilinganisha na mkono wa pili, hapo usiniulize mie wala mtu mwengine yoyote, nenda hospitali ya Wete au Abdulla Mzee kule Mkoani ukaonwe na daktari. Hali hii ikiachwa sana inaharibu mshipa, ikiwahiwa mara nyingi inatulia. Na mwambie daktari kama una kisukari au una mimba, vyote viwili vinaileta ganzi hii hata kwa mtu asiyeshona. Mwenye kisukari pia asidharau vitobo vya sindano, kidole kikivimba, kikiwa chekundu na moto, au kikatoa usaha, kionwe siku hiyo hiyo. Na kama hukumbuki mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda waulize wakati uko huko huko.

Mkono ukishatulia, kaa na mtu anayejua hata nusu saa akutazame mikono. Maandishi yana mpaka wake, mie siwezi kuona kama gumba lako bado linabana.

Hiyo mistari uliyokwisha kushona, ukibadilisha pamba itabidi uifumue, pole. Ukiamua kubaki na blanketi iache, legeza ringi uendelee, na itakayoruka chini utairudia. Na ukifika pembeni ringi haitashika mana kitambaa kimekwisha, chukua kipande chochote cha zamani upana wa shubiri moja, ukishikize kwa bandi kwenye ukingo wa mfarishi, ringi ishike hicho, ukimaliza unakifumua.